Mashini Yenye Kujua Yote: Filimu «Desk Set» ya Mwaka 1957 Mbele ya Historia

Katika masomo ya historia ya Kanisa tunafundishwa kuuliza kila ushuhuda maswali matatu: Nani anasema? Alisema wakati gani? Aliweza kujua nini? Maswali hayo si ya barua za maaskofu wa kale na maisha ya watakatifu tu. Yafaa vilevile kwa sinema, na pengine yafaa huko kuliko pahali pengine. Kwani mtu asomaye kitabu aweza kufikiri polepole na kushuku, lakini mtu atazamaye picha husadiki upesi, akisema: «Nimeona kwa macho yangu.» Akiisha kuona filimu ya zamani hudhani kwamba ameona zamani zenyewe.

Tutazame hapa filimu moja tu, yenye jina «Desk Set», iliyotolewa huko Marekani mwaka 1957. Ni filimu ya kuchekesha, lakini katikati yake mmewekwa mashini kubwa ya kufikiri, yaani ile ambayo sisi Wakongo tunaiita ordinatere, na ndugu zetu wa pwani ya mashariki wanaiita kompyuta. Swali letu ni hili: je, mashini ya filimu hii yafanana na mashini za kweli za wakati ule? Kadiri ya desturi ya shule zetu, sherti tutenganishe. Kuna mambo ambayo filimu imeyasema sawasawa, kuna mambo iliyoyabuni, na kuna jambo moja iliyolificha. Hilo la tatu ndilo kubwa.

I. Habari yenyewe

Filimu ilitengenezwa na kampuni ya 20th Century Fox. Mwongozi wake ni Walter Lang. Ilitoka katika mchezo wa jukwaani ulioandikwa na William Marchant na kuchezwa New York tangu mwaka 1955. Wachezaji wakubwa ni Katharine Hepburn na Spencer Tracy.

Katika nyumba ya kampuni moja ya televisheni, kampuni ya kubuni tu, kuna biro ya kutafuta habari. Wanawake wanne wafanya kazi humo, na mkubwa wao ni Bunny Watson. Kazi yao ni kujibu maswali ya kila namna yanayokuja kwa simu: majina, tarehe, hesabu, mashairi, michezo. Bunny ana akili nyepesi sana na kumbukumbu ya ajabu. Siku moja anakuja bwana Richard Sumner, injeniere, akipima vyumba kwa mita bila kusema sababu. Baadaye yajulikana kwamba ametengeneza mashini iitwayo EMERAC, na kwamba itawekwa katika biro ile. Wanawake wanashikwa na hofu: hakika tutafukuzwa. Mashini inafika, mataa yake yanawaka na kuzimika, mlinzi wake anakataza watu kuacha mlango wazi. Kisha mashini nyingine ya namna ileile, iliyowekwa katika biro ya mishahara, inatoa barua za kufukuza watu kazi. Nayo inamfukuza kila mtu, hata mkubwa wa kampuni. Mwishoni yafahamika kwamba hayo yalikuwa makosa, na kwamba EMERAC haikuletwa kuwaondoa wanawake wale bali kuwasaidia. Bunny na Sumner wanapatana, na watu wanarudi nyumbani wakicheka.

II. Mambo yaliyosemwa sawasawa

Tuanze na chumba. Mashini za wakati ule zilikuwa kubwa kweli. ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu huko Philadelphia mwezi wa Februari 1946, ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, na vitaa vya kioo karibu 18,000 ndani yake. UNIVAC, ambayo ya kwanza ilipewa biro ya Marekani ya kuhesabu watu mwaka 1951, ilikuwa na vitaa karibu 5,000. Vitaa hivyo vilitoa joto jingi na kuungua mara kwa mara. Kwa hiyo chumba kilitaka hewa baridi, na mavumbi yalikuwa adui. Mwaka 1947, huko Harvard, mafundi walikuta nondo amenaswa ndani ya mashini yao Mark II. Wakambandika katika daftari ya kazi kama ushuhuda. Basi yule mlinzi wa EMERAC anayegombana na watu kwa ajili ya mlango si mzaha mtupu. Watu wa namna yake walikuwapo, nao walikuwa na haki.

Jina pia ni la kweli kwa namna yake. Neno EMERAC limeundwa kwa herufi za kwanza za maneno kadhaa, kama vile ENIAC na UNIVAC. Mtazamaji wa 1957 aliyesoma magazeti aliutambua mzaha mara moja.

Hata televisheni ina maana yake. Usiku wa tarehe 4 Novemba 1952 Wamarekani walikuwa wakichagua rais. Kampuni ya televisheni CBS iliitumia UNIVAC kusudi ikadirie mshindi baada ya kura chache kuhesabiwa. Mashini ilisema kwamba Eisenhower atashinda kwa wingi sana. Wenye kuitunza hawakuisadiki, kwa kuwa wataalamu walitazamia kura zikaribiane, wakachelewa kutangaza jibu lake. Eisenhower alishinda kama mashini ilivyosema. Tangu siku hiyo raia wa kawaida alijua kwamba kuna mashini yenye kujibu. Marchant alipoweka habari yake katika nyumba ya televisheni hakuwa mbali na mambo yaliyotokea.

Tena biro ya mishahara. Huko Uingereza kampuni ya Lyons, yenye kuuza chai na mikate, ilianza kuhesabu mishahara ya wafanyakazi wake kwa mashini yake LEO mwaka 1954. Mwaka huohuo, huko Louisville, Marekani, kampuni ya General Electric ilifanya vilevile kwa UNIVAC. Mishahara ilikuwa ni moja ya kazi za kwanza ambazo wafanyabiashara waliwapa mashini hizo. Na hofu ya wafanyakazi ilikuwa ya kweli pia. Haikubuniwa kwa ajili ya sinema.

III. Mambo yaliyobuniwa

Sasa tugeukie upande wa pili. Katika filimu mtu anaandika swali kama vile angelimwuliza mwenzake. Mashini inalifahamu, inatafuta ndani yake, inaandika jibu. Siku ya kuionyesha inaulizwa hasara inayoletwa kila mwaka na wadudu katika misitu ya Marekani, jambo lililomchukua mfanyakazi mmoja muda mrefu kulitafuta. Nayo inajibu papo hapo. Je, jambo hilo liliwezekana mwaka 1957?

Tutazame kwanza kumbukumbu, yaani kiasi cha maandishi ambacho mashini iliweza kushika. Biblia nzima ina herufi milioni 4 hivi, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Fishi ya karatasi yenye kutobolewa vitundu, iliyotumika wakati ule, ilibeba herufi 80 tu. Kuiandika Biblia juu ya fishi kulitaka fishi 50,000. Ordinatere iliyoitwa IBM 704, moja ya zile zenye nguvu zaidi katika miaka hiyo, ilikuwa na kumbukumbu ya ndani ya maneno 32,768 kwa kipimo chake kikubwa. Ni kama herufi 200,000. Sehemu moja tu katika ishirini ya Biblia ndiyo ingaliingia. Mwezi wa Septemba 1956 IBM ilitangaza mashini nyingine, RAMAC 305, yenye sahani 50 za kuzunguka, kila moja upana wa sentimita 61. Sahani zote pamoja zilishika herufi milioni 5. Hilo lilikuwa ajabu kubwa. Lakini ajabu yenyewe ilitosha kwa Biblia moja na kidogo zaidi. Na EMERAC, yasemekana, imemeza vitabu vyote vya biblioteka!

Zilikuwapo pia tepe za sumaku, ambazo kila moja iliweza kubeba herufi milioni kadhaa. Lakini utepe husomwa kama mtu anavyosali rozari: kuifikia punje ya arobaini sherti upite thelathini na tisa zilizo mbele yake. Jibu lililoandikwa mwisho wa utepe lilingojewa mpaka utepe wote upite.

Ukubwa wa kumbukumbu haukuwa kizuizi pekee. Kizuizi cha pili, kilicho kikubwa zaidi, ni lugha. Mnamo Januari 1954 watu wa chuo kikuu cha Georgetown pamoja na IBM walionyesha mashini yenye kutafsiri sentensi kutoka Kirusi. Magazeti yalisifu sana. Mashini ile ilijua maneno 250 na kanuni 6 za sarufi, na sentensi zilichaguliwa mbele. Mwaka 1961, yaani miaka minne baada ya filimu yetu, wataalamu wa Marekani walimaliza programu iliyoitwa BASEBALL, yenye kujibu maswali ya Kiingereza cha kawaida. Ilijibu juu ya mchezo mmoja tu, yaani besiboli, na juu ya mashindano ya mwaka mmoja tu. Wakati huo ilikuwa kazi ya kusifiwa. Tupime basi: mwaka 1957 EMERAC yajibu juu ya kila jambo la ulimwengu, mwaka 1961 mashini ya kweli yajibu juu ya michezo ya mwaka mmoja.

Lakini tuwe na haki. Filimu yenyewe ina tukio moja linalosema ukweli kuliko mengine yote. Katika haraka ya kazi mashini inaulizwa juu ya kisiwa cha Corfu, kilicho katika bahari ya Wagiriki. Inaanza kutoa shairi refu la Kiingereza juu ya kengele ya usiku, kwa sababu neno la Kiingereza la kengele hiyo lakaribiana na jina la kisiwa. Na hakuna awezaye kuinyamazisha. Watazamaji walicheka. Fundi wa mashini angaliweza kucheka pia, akisema: «Ndivyo zilivyo.» Mashini ilishika herufi, haikushika maana.

IV. Profesa wa Brussels

Mwaka mmoja baada ya filimu, watu waliiona EMERAC nyingine, na safari hii si katika sinema. Ilikuwa huko Brussels, katika Maonyesho ya Ulimwengu ya mwaka 1958, yaliyofunguliwa mwezi wa Aprili na kufungwa mwezi wa Oktoba. Katika jengo lake IBM iliweka RAMAC moja na kuiita «Profesa». Mgeni alichagua mwaka wowote tangu mwaka wa 4 kabla ya Kristu mpaka mwaka ule wa 1958, akachagua na lugha, moja katika kumi. Mashini ikamwandikia jambo lililotokea katika mwaka huo. Watu walistaajabu sana.

Sasa tuulize kama wanahistoria: Profesa huyo alijua nini? Kwa kila mwaka mtu fulani alikuwa amekwisha kuchagua habari, akaiandika kwa ufupi, wengine wakaitia katika lugha kumi, wengine wakaiingiza katika mashini. Mgeni hakuuliza swali. Alichagua namba ya sanduku, na sanduku likafunguliwa. Bila shaka kulifungua kwa upesi namna ile ni ufundi mkubwa. Lakini elimu yote ilikuwa ya wale walioandika mbele, na hata kuchagua kulikuwa kwao. Jambo ambalo hawakuliona kuwa la maana halikuwamo, na mgeni hakuwa na njia ya kujua kwamba limekosekana.

Sisi Wakongo twapaswa kulitazama hilo vizuri. Katika Maonyesho yaleyale kulikuwa na sehemu ya Kongo, na ndani yake kijiji ambamo watu wetu waliwekwa watazamwe wakifanya kazi za mikono. Watazamaji wengine waliwadharau na kuwatupia vitu kama vile wanyama, hata watu hao wakakataa kuendelea, wakarudi kwao mwezi wa Julai, kabla Maonyesho hayajamalizika. Upande mmoja palikuwa na mashini yenye kuhubiri historia ya ulimwengu, na upande wa pili watu ambao historia yao haikuulizwa. Hatuhitaji kuongeza neno.

V. Shahidi wa Gallarate

Wakati Hollywood ilipokuwa ikitengeneza mashini yake ya mbao na mataa, alikuwapo padri mmoja aliyefanya kwa kweli kazi iliyofanana na ile ya filimu: kutia biblioteka ndani ya mashini. Huyo ni Padri Roberto Busa, Myezuiti wa Italia, aliyezaliwa Vicenza mwaka 1913. Ushuhuda wake ndio mzani bora wa kuipima filimu.

Padri Busa alikuwa akiandika tesi yake huko Roma juu ya «uwapo» katika mafundisho ya Mtakatifu Toma wa Akwino. Alitafuta neno la Kilatini lenye maana hiyo, akaona kwamba Mtakatifu Toma huificha fikara yake katika neno dogo sana, «in». Akaandika kwa mkono fishi 10,000, kila moja na sentensi yenye neno hilo. Ndipo akafikiri: kama neno moja limetaka kazi hiyo, itakuwaje kwa maneno yote? Mwaka 1949 alikwenda Marekani, akamwona Thomas Watson, mkubwa wa IBM, akamwomba msaada wa mashini. Watson alikubali. Mwaka 1951 ikatoka kazi ya kwanza ya kujaribu, yaani konkordansi ya tenzi za Mtakatifu Toma, na mwaka 1956 Padri Busa akafungua kituo chake katika mji wa Gallarate, karibu na Milano.

Basi kazi iliendeleaje? Wasichana wa Gallarate, waliofundishwa hapohapo, walikaa mbele ya mashini za kutoboa fishi, wakiandika maneno ya Mtakatifu Toma moja baada ya lingine. Wengi hawakujua Kilatini, na Padri Busa aliona kwamba jambo hilo si baya, kwa kuwa macho yao yalifuata herufi bila kudhani maana. Wengine walisoma mara ya pili kutafuta makosa. Kisha ikaja kazi ya wenye elimu ya Kilatini, na hapa kila mseminari atafahamu. Mashini yaona herufi «os». Je, ni kinywa ao ni mfupa? Yaona «liber». Ni kitabu ao ni mtu huru? Yaona «malum». Ni uovu ao ni tunda? Mashini haijui. Yaona «est», «sunt», «fuit», wala haijui kwamba yote ni ya kitenzi kimoja. Mtu ndiye aliyepaswa kuamua, neno kwa neno. Hapo twaikumbuka Corfu ya filimu: mzaha wa Hollywood ulikuwa ni kazi ya kila siku ya Gallarate.

Kazi hiyo ilitazamiwa kumalizika katika muda mfupi kuliko uliotumika. Padri Busa alikuwa amepanga kutumia fishi milioni 13, ambazo sanduku zake zingalikuwa na urefu wa meta 90. Kisha zikaja tepe za sumaku, naye akatumia tepe 1,800. Maneno yaliyopangwa ni zaidi ya milioni 10. Vitabu vilichapwa tangu mwaka 1974 mpaka 1980, vikawa 56. Ndiyo «Index Thomisticus», ambayo leo kila mtu aweza kuitafuta katika intaneti. Tangu fishi za mkono mpaka kitabu cha mwisho ilipita zaidi ya miaka thelathini. Padri Busa alikufa mwaka 2011, akiwa na miaka 97.

Na hapa kuna hesabu moja ya kukumbuka, ambayo Padri Busa mwenyewe aliifanya alipomaliza. Saa ambazo mashini zilifanya kazi hazikufika 10,000. Saa ambazo watu walifanya kazi zilipita milioni 1. Maana yake, kwa kila saa moja ya mashini kulikuwa na zaidi ya saa mia za watu.

VI. Jambo lililofichwa

Sasa twaweza kusema lile jambo la tatu. Kosa kubwa la «Desk Set» si mataa mengi, wala si kumbukumbu isiyo na mwisho. Hayo ni chumvi ya wachezaji, na watazamaji huwasamehe. Kosa ni kwamba EMERAC inafika, na kitambo kidogo tu baadaye inajua. Nani aliyeiandikia vitabu vyote vile? Nani aliyetoboa fishi? Nani aliyesahihisha? Machache sana yaonekana. Kadiri ya hesabu ya Gallarate, biro ya Bunny Watson ingalihitaji miaka mingi na wanawake wengi, si wanne. Wahenga wetu wamesema: «Ukiona vyaelea, vimeundwa.» Filimu yaonyesha jahazi baharini, haionyeshi maseremala.

Kwa nini imewaficha? Ndipo twarudi kwa swali letu la kwanza: Nani anasema? Mwanzoni mwa filimu majina ya wachezaji yanatoka juu ya karatasi ndefu katika mashini ya kuchapa ya IBM, na shukrani zatolewa kwa kampuni hiyo kwa msaada wake. Sisemi kwamba IBM iliandika filimu. Lakini mwenye kuuza mashini hapendi kuonyesha jasho linalotakiwa kabla haijajibu, wala hapendi mwisho ambamo watu wamefukuzwa. Filimu yamaliza kwa ahadi: hakuna atakayekosa kazi. Ahadi hiyo ni ushuhuda wa mambo ambayo wauzaji walitaka watu wasadiki mwaka 1957. Si ushuhuda wa mambo yaliyotokea baadaye. Kwa kweli kazi ya kutoboa fishi iliajiri wanawake wengi sana katika miaka ile, kisha mashini zilipobadilika ikatoweka. Wasichana wa Gallarate waonekana katika picha za zamani, lakini kwa miaka mingi majina yao wengi hayakutajwa na mtu.

Kuna neno moja zaidi, ambalo sisi wenye kusoma Kifaransa twalitumia kila siku bila kujua asili yake. Mwaka 1955 IBM ya Ufaransa ilitafuta jina la kuita mashini hizi. Ikamwuliza Jacques Perret, profesa wa Kilatini huko Sorbonne. Katika barua yake ya tarehe 16 Aprili 1955 akaleta neno «ordinateur», akieleza kwamba neno hilo lilikwisha kuwamo katika kamusi kubwa ya Littré kama sifa ya Mungu, mwenye kuutia ulimwengu mpango. Jina zuri, lakini zito kwa mabega ya mashini. Kwani tumeona huko Gallarate nani aliyetia mpango: mashini ilipanga fishi, mtu akaamua zipangwe namna gani na kwa nini.

VII. Je, uwongo umekuwa kweli?

Mtu atauliza: «Leo mashini zajibu. Mtu akiiandikia swali kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili, yarudisha jibu papo hapo. Basi filimu ilisema kweli, ilitangulia tu.» Ni hakika kwamba tangu mwezi wa Novemba 1922 ulipopita miaka mia moja, yaani tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT kwa watu wote, namna hiyo ya kuuliza na kujibiwa imeenea duniani. Kijana wa leo akiitazama «Desk Set» hataona ajabu. Atasema: «Walikuwa nayo zamani.»

Hilo ndilo kosa ambalo walimu wa historia walikemea siku zote: kuwavika watu wa kale nguo za leo. Kweli ya 2022 haigeuzi uwongo wa 1957 kuwa kweli. Waandishi wa filimu hawakujua njia ya kufika huku. Walichukua akili ya Bunny Watson na kuitia ndani ya sanduku la mataa, basi. Mwenye kutaka kujua mashini ya 1957 asitazame EMERAC. Atazame RAMAC na sahani zake hamsini, atazame fishi za Gallarate. Lakini mwenye kutaka kujua hofu na tumaini la watu wa biro katika mwaka ule, huyo atazame filimu, kwani hapo inashuhudia vizuri sana. Kila shahidi aulizwe jambo alilolijua.

Tena tutazame kama lile lililofichwa mwaka 1957 limekwisha kufunuliwa. Mashini za leo zimefundishwa kwa maandishi mengi yasiyohesabika, na kila andishi liliandikwa na mtu. Watu wengine, wengi wao katika inchi maskini, hulipwa kidogo kwa kupanga na kusahihisha majibu. Na mashini hizo nazo huchanganya kisiwa na kengele, ila sasa husema kosa lao kwa maneno laini sana, hata msomaji hacheki. Kwa hiyo maswali matatu ya historia hayajachakaa. Mseminari anayepewa jibu na mashini juu ya maneno ya Mtakatifu Toma amepewa ushuhuda, hajapewa hukumu. Sherti afungue kitabu, atafute pahali penyewe, asome mistari iliyo mbele na nyuma, kama alivyofanya Padri Busa na fishi zake elfu kumi.

Na yule Profesa wa Brussels atufundishe jambo la mwisho. Alijibu juu ya kila mwaka, lakini kwa yale tu yaliyoandikwa. Habari za misioni zetu za kwanza, majina ya wakatekista waliotembea kwa miguu siku nyingi kabla padri hajafika, maneno ya wazee juu ya vijiji vilivyohama, mengi yao hayamo katika kitabu chochote, wala katika mashini yoyote. Katekista anayeandika vizuri daftari ya ubatizo, akitaja jina la baba na la mama na la kijiji, afanya kazi ileile ya wasichana wa Gallarate. Mseminari anayekwenda likizo na kumwuliza babu yake, kisha akaandika tarehe na jina la aliyesema, afanya hivyohivyo. Wasipoandika wao, siku moja mtu atauliza, na mashini itajibu bila kusita. Lakini itajibu habari za wengine.